Shimo la Mparachichi

Mama alirudi kutoka ofisi ya ardhi na hati ya shamba mkononi, wino haujakauka kwenye kidole gumba, akapitiliza moja kwa moja kuchukua jembe.

Miaka ishirini tulilikodi shamba lile, tukapanda maharage tu. Shamba la kukodi halipandwi mti. Ukithubutu, mwenyewe atasema unataka kujimilikisha, akufukuze.

Sasa shimo lilimfika magotini.

"Maharage gani haya ya kuzikwa, Mama?"

Hakucheka. Aliteremsha mche wa mparachichi taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga.

"Utazaa lini?"

"Miaka mitano," alisema, halafu akaganda, mkono wenye udongo mdomoni. Sikuwahi kumsikia akitaja siku iliyo mbali kuliko mavuno yajayo.

"Mitano," akanong'ona. "Chukua jembe lako."