Tope Linakwenda Wapi?

Tope lilikuwa linashuka. Fundi wa pampu alilitazama likiacha ukingo wa mtaro mtupu.

Mtaro ulikuwa mwembamba, upana wa mlango tu, lakini kina chake kingemeza ghorofa kadhaa. Ndivyo ukuta wa chini ya ardhi unavyojengwa: unachimba huku unajaza tope zito lishikilie kingo, kisha unashusha nondo na kumwaga zege kuanzia chini, nalo zege linalisukuma tope juu. Tope likitoroka kabla ya zege, kingo zinaporomoka. Na ukingo huu ulipakana na benki.

"Washa pampu zote, tujaze tope!" msimamizi alifoka. "Umeganda nini?"

"Bosi, kipande hiki si tulikiruka? Si kilikuwa cha wiki ijayo?"

"Mashine imegonga mwamba kule, nikaihamishia hapa asubuhi. Wewe umeingia mchana, ungejuaje? Washa!"

Fundi aliwasha pampu moja kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika simu sikioni. Simu ya mdogo wake haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Hili tope linakwenda wapi?" msimamizi alinung'unika. "Udongo huu tulipima wenyewe, hauna tundu hata la panya."

"Bosi, tusiongeze kwanza. Nakuomba." Fundi alionyesha benki kwa kidevu. "Mdogo wangu yumo humo."

Msimamizi akalainika. "Pole, ndugu yangu. Basi ndiyo sababu ya kuharakisha. Tope ndilo litakalomwokoa. Nimeshatuma mtu awatoe wote."

Kweli walikuwa wanatoka, makarani na wateja, wengine wakikimbia viatu mkononi. Fundi hakuwatazama. Macho yake yalikuwa mtaroni, na midomo ilikuwa inaomba Mungu. Alimpenda yule kijana kuliko nafsi yake. Alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki.

Meneja wa benki alifika akihema, tai imekwenda mgongoni. "Wametoka wote. Nimepita kila chumba mwenyewe. Hakuna mtu ndani."

"Umesikia?" Msimamizi alimpiga fundi begani, uso umemchangamka. "Mdogo wako yuko salama. Haya, fungulia pampu zote!"

Tope lilitoa mguno, likazama tena kwa ghafla. Fundi aliizima hata ile pampu moja iliyokuwa ikifanya kazi.

"Una wazimu?" msimamizi alipiga kelele. "Jengo litatuangukia!"

Fundi alimgeukia meneja, machozi yakimtiririka bila kificho.

"Mzee, kimbieni mkavunje sakafu ya chumba cha fedha. Mdogo wangu yuko chini yake na sururu, na tope letu limemzibia njia aliyojia."