Ya Rafu ya Juu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito yaliyonuna bila kunyesha, na seremala naye alinuna vivyo hivyo. Hata sala ya alfajiri hakuimaliza, hasira ilimkatiza. Alisukuma mlango wa duka la kompyuta kwa bega, akaibwaga kompyuta yake ya mpakato juu ya kaunta. Kifuniko kilining'inia upande mmoja kama bawa la kuku lililovunjika.

"Miezi miwili," alimwambia muuzaji. "Miezi miwili tu, bawaba imeng'oka. Na hii ni ya rafu ya juu, ya mwili wa chuma. Umekula hela yangu mchana kweupe."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisogea kando. Nyuma yake mkewe, fundi wa kushona makochi, alisimama ameipakata kompyuta ya kwake kama mtoto mchanga.

Zote mbili walizinunua hapa siku moja, kwa ajili ya darasa la jioni. Ya rafu ya juu ikawa ya mume. Ya rafu ya chini, ya plastiki, ya mke. "Wewe utaandika nini hata kihitaji chuma?" alimwambia siku ile. Mke alizitoa mwenyewe kwenye maboksi, akazivika kitambaa cha makochi kwa gundi, juu na chini, hadi kandokando ya vitufe. Ya mume buluu, ya kwake nyekundu.

"Mtihani ni Jumamosi," seremala aliendelea, "na kila mtu aje na mashine yake. Yangu imekufa. Ya huyu, ya bei chee, nzito kama tofali, bado inadunda. Usiponibadilishia leo, nachukua ya kwake. Yeye atafanya mwakani."

Mke alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anayeomba.

"Mzee wangu, labda iliangushwa," alisema muuzaji.

"Na nani? Nimegonga mbao miaka thelathini. Kitu imara nakijua kwa mlio."

Alichukua moja ya rafu ya chini, akaipinda kidogo pembeni. Ikalia kama kitanda kibovu. Akabonyeza katikati ya vitufe. Pakabonyea kama godoro. "Takataka." Akachukua ya rafu ya kati, ya kampuni nyingine: kifuniko chuma, tumbo plastiki. "Suti juu, kaptura chini." Mteja mmoja akacheka. Ya rafu ya juu aliifungua kwa kidole kimoja, na mwili wake haukuinuka kutoka kaunta hata kidogo. Akaigonga.

"Mvule," alisema, na hasira ikapanda upya. "Sasa sikilizeni yangu." Akagonga; kitambaa cha buluu kikaumeza mlio. "Si mvule huo? Mwili mzima, bawaba mbovu. Mmenichezea."

"Ya rafu ya juu ina dhamana ya miaka miwili," muuzaji alisema taratibu. "Kama ni hiyo, nakupa mpya sasa hivi. Za chini hazina. Nahitaji kuona namba tu, iko chini ya hicho kitambaa."

"Kibandue."

"Gundi yangu ni kali," mke alisema. "Baba watoto, turudi nyumbani."

"Tulia wewe. Mashine ya rafu ya juu ndiyo itakayofanya mtihani Jumamosi, na mwenye nayo hazuiwi na mtu. Naapa mbele ya hawa."

Muuzaji alivuta. Kitambaa kilitoka kwa kelele ya kuchanika, na chini yake ikatokea plastiki ya kijivu, na kibandiko cha rafu ya chini bado kimeshika.

Mke aliiweka ile nyekundu juu ya kaunta, akaifungua kwa kidole kimoja. Mwili haukuinuka.

"Jumamosi nikitoka kwenye mtihani, mume wangu, nitakuazima," alisema kwa sauti. "Nami naahidi mbele ya hawa."