Upande wa Shomari

Leo Shomari aliitwa kula kwenye sinia moja na wanawe. Kabla ya kupelekwa hospitali alikuwa akila chumbani peke yake, maana akimaliza upande wake wa wali alivamia wa watoto. Mkewe, Zuwena, alilifunga jiko kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Majirani walisema ni ulafi. Kumbe kilikuwa kivimbe kichwani, kimekandamiza pale panapouambia mwili kwamba sasa basi. Daktari alikitoa.

Watoto walikula mbiombio, kama walivyozoea. Mara mkono wa Shomari ukasimama juu ya sinia. Akautazama.

“Alhamdulillahi,” akasema taratibu. “Nimeshiba.”

“Umeshiba kweli, Baba Rukia, au unatuonea haya?” Zuwena akauliza.

“Nimeshiba, mke wangu. Nilikuwa nimeshasahau kushiba kunakuwaje.”

Akainuka kwenda kunawa. Upande wake kilibaki kilima kidogo cha wali chenye alama za vidole. Kitindamimba akanyoosha mkono, Zuwena akaudaka.

“Huo wali uache kwanza,” akasema, huku akifungua fundo la khanga. “Niutazame.”