Madoa kwenye Ini

Daktari aliibandika picha ya tumbo kwenye kioo chenye taa, akaweka kidole juu ya ini. "Saratani ilianzia kwenye utumbo mpana, mzee. Madoa haya yanaonyesha imeshafika huku. Hamkuona damu chooni, au kwenye nguo?"

Rukaiya aliinamisha macho. Ni yeye aliyemfulia baba mkwe wake tangu masika yaliyopita. Damu aliiona kwenye misuli aliyojifunga mzee kiunoni, akailoweka kwa maji ya chumvi, akaanika, akanyamaza. Mke wa mwana atamtajiaje mkwewe mambo ya chooni?

"Hatukuona," alijibu Mzee Mbaruku.

Walipotoka nje mzee alimpa Rukaiya ile picha amshikie. "Ulijua, mwanangu."

"Nilijua, baba."

"Nami nilijua kuwa unajua. Kila nilipovaa msuli uliotakata nilikuombea dua. Nilisema, huyu binti amenisitiri."

Mzee akatangulia kuelekea langoni, mkono mmoja ukutani. Rukaiya aliinua picha kujikinga jua, na mwanga ulipopenya akamwona mkwewe humo ndani, akitembea polepole katikati ya madoa.