Sababu za Kuchelewa kwa Mzee Makarius

"Simama hapo hapo mlangoni," Mwalimu Stanslaus alisema, "utupe sababu. Kwa Kiingereza."

Mzee Makarius akasimama, kofia mkononi, vumbi la njiani limemfika magotini. Wanakisomo wenzake, watu wazima wenye wajukuu, walijikunyata kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili wakisubiri burudani.

"I am late," Mzee alianza, akatafuta maneno darini, "because of visitors."

"Wageni tena! Juzi wageni, leo wageni. Kwako ni nyumbani au ni stesheni ya Mpanda?"

Darasa likacheka. Mzee akaruhusiwa kukaa.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na sita, enzi za kisomo cha watu wazima. Watu wa kijiji kile cha Mpimbwe walikuwa wameshajua kusoma na kuandika Kiswahili, na Mwalimu Stanslaus, aliyeletwa kutoka Bukoba, alikuwa na Kiingereza kingi kisicho na kazi. Basi akaamua kuwagawia. Mwezi mzima alifundisha because of peke yake, maana aliona watu wale wana upungufu mkubwa wa sababu. Mchelewaji hakukaa mpaka atunge sentensi iliyonyooka, na hata ikinyooka Mwalimu hakukosa neno la kuongezea.

Si kwamba hakujua upole. Alikuwa nao mwingi, ila aliuweka akiba kwa ajili ya Mzee Thadei, baba yake Marsela. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwake, shati limepigwa pasi, kilo ya sukari kwapani, tena sukari ambayo kijiji kizima kiliisikia kwenye redio tu. Aliinama kusalimia mpaka mgongo ukalia. Mzee Thadei alipokea sukari, akashukuru, na Jumapili moja akauliza kama majani ya chai nayo yanapatikana.

Mwalimu alimtaka Marsela. Katika mambo yake yote, hilo peke yake halikuwa na majivuno ndani yake. Alimpenda binti yule hata akawa anakosea ubaoni hesabu za darasa la tatu, na alijua akinyimwa ataomba uhamisho, maana asingeweza kumwona kisimani akiwa mke wa mtu mwingine. Alikuwa ameshamtuma mshenga, Alois fundi cherehani, na kila jioni alimvizia apate habari.

"Mambo yanakwenda," Alois alimwambia. "Leo tulikatisha mazungumzo. Mwenyewe alikuwa na haraka, kuna mahali anawahi."

"Mpe nafasi, ndugu yangu, mpe nafasi," Mwalimu alisema kwa unyenyekevu. "Mtu mzima ana shughuli zake."

Watu wazima wa darasani kwake hawakuwa na shughuli. Wiki iliyofuata Mzee Makarius alichelewa tena, akasimama mlangoni bila hata kuambiwa.

"I am late because of the child of my sister."

Sentensi ilikuwa imenyooka kabisa, na hilo likamuudhi Mwalimu zaidi. Akapiga meza.

"Mtoto wa dada yako anakuhusu nini wewe? Hana baba?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa dawati la mbele, Romana, alikohoa akaangalia dirishani.

"Mnaona?" Mwalimu alisema, akidhani hoja yake imewaingia. "Mtu anaacha masomo anahangaikia watoto wenye baba zao! Njoo uandike sentensi yako ubaoni mpaka ubao ujae."

Mzee Makarius aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, ulimi nje. Ubao ulipojaa alijifuta chaki kwenye suruali, akaenda kukaa. Aibu ilimshika, na kila mtu aliiona isipokuwa Mwalimu, aliyekuwa akitafuta makosa.

Kipindi kilipokwisha Romana alimfuata. "Mwalimu, yule mzee bwana..."

"Usimtetee."

"Simtetei, nataka tu nikwambie..."

"Sema kwa Kiingereza," Mwalimu akamkata. Romana akachukua kanga yake, akaenda zake.

Ijumaa, mvua ya kwanza iliponyesha, Mzee Makarius alichelewa kupita siku zote. Alipotokea, nyuma yake alikuwa Alois. Mwalimu alipomwona mshenga wake moyo ulimruka. Jibu limekuja!

"Alois, karibu ndani, karibu ukae! Wewe Makarius, baki hapo mlangoni na sababu yako."

Alois hakukaa. Alimtazama Mwalimu kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati nje ndani kanisani.

"Mwalimu," akasema, "huyu ndiye niliyekuwa nazungumza naye siku zote. Mjomba wake Marsela. Kwao baba hana neno. Anayeoza ni mjomba."

Mwalimu Stanslaus alipapasa kiti nyuma yake, akakikosa.

Mzee Makarius akavaa kofia yake.

"Nimekubali," akasema. "Mtoto mwenyewe anakutaka, sababu sijaiona. Ila sisi kwetu mwoaji anawalimia wakwe msimu mzima kwanza, ndipo apewe mke. Kesho alfajiri uje na jembe shambani kwangu. Na ukichelewa, sababu utaisema kwa Kipimbwe."