Shahidi wa Koplo Masalu

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Masalu aliinua shati ili watu asiowajua wamtazame mgongo.

"Risasi iliingilia hapa," daktari wa kamati alisema, akigusa kovu kwa ncha ya kalamu. "Kwa nyuma. Haikutokea upande wa pili."

Wajumbe wawili waliandika. Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani, hakuandika. Alikuwa anamtazama Masalu usoni.

"Shusha shati, Koplo."

Akashusha. Kuanzia kiunoni kwenda chini, Masalu hakuwa na habari na mwili wake. Miguu ilikaa pale kwenye kiti cha magurudumu kama mzigo alioachiwa amshikie mtu. Miaka kumi na mmoja sasa. Alikwenda nchi ya watu kulinda amani akitembea, akarudi kijijini kwao Samuye akibebwa.

Barua ya kumnyima fidia ya ulemavu ilikuwa na mistari minne, na mmoja ndio uliomuua: jeraha lilipatikana wakati mhusika akimkimbia adui.

Kijijini barua haina siri. Msimu wa ngoma ulipofika, manju mmoja alimtungia wimbo, uwanja mzima ukaitikia habari za fahali aliyemwonyesha fisi mkia. Ritha, binti yake, alirudi kutoka ngomani akilia, wala hakutaka kusema kwa nini.

Fidia aliitaka, nani asiyeitaka? Lakini kilichomkosesha raha ya chakula ni ule mstari.

Kwa maana hakukimbia. Walitumwa wawili kukagua njia ya mtoni, nyasi zimewapita vichwa. Yeye alitangulia. Boaz, askari mwenzake, alimfuata hatua tatu nyuma. Milio ilipoanza ng'ambo ya mto, Masalu alipiga goti akaielekeza bunduki mbele. Kisha kitu kikamkata kiuno kama shoka, akala udongo. Aliyembeba hadi kambini, zaidi ya saa nzima, alikuwa Boaz.

Kwa nini basi risasi iingilie mgongoni? Masalu alikuwa na jibu moja tu: kuna adui aliyewazunguka. Boaz angeeleza. Boaz ndiye aliyeona.

Rufaa hii ilikuwa ya mwisho, na kamati ilitaka shahidi wa macho. Kwa hiyo Limi, mkewe, alipanda basi hadi Katoro, ambako Boaz alipoacha jeshi alifungua makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Utajiri haukumfanya awasahau. Bati za nyumba yao zilitoka kwake, na kila Krismasi ulikuja mchele.

"Amekubali, Baba Ritha," Limi alisema aliporudi, hata kabla ya kuvua viatu. "Atakuja."

"Hakuuliza kitu?"

"Aliuliza tu kama ile risasi walishaitoa. Nikamwambia imo humo humo, madaktari waliogopa kuigusa. Shemeji akashusha pumzi, maskini. Akazimisha mashine zote, akaniagizia soda."

"Nkoyi wane," Masalu alisema kwa Kisukuma. Rafiki yangu. Siku hiyo alikula ugali akaomba kuongezwa.

Na sasa mlango wa chumba cha kamati ulifunguliwa, Boaz akaingia na shati jeupe lililopigwa pasi. Aliwaamkia wajumbe kwa adabu. Alipopita karibu na kiti cha magurudumu alimbonyeza Masalu bega. Akashika Biblia, akaapa.

"Ulikuwa na Koplo Masalu siku ile?" mwenyekiti aliuliza.

"Tulikuwa wawili tu, mheshimiwa."

"Adui walikuwa wapi?"

"Mbele yetu. Ng'ambo ya mto."

"Kuna waliowazunguka kwa nyuma?"

Masalu aliinama mbele, mikono ikikaza magurudumu.

"Hapana," Boaz alisema. "Nyuma hapakuwa na adui hata mmoja."

Amesahau, Masalu alijiambia. Ni miaka mingi. Atakumbuka sasa hivi.

"Basi risasi iliingiaje mgongoni mwa mwenzako?"

Boaz alitoa leso akajifuta shingo, ingawa feni ilikuwa inazunguka.

"Aligeuka, mheshimiwa. Milio ilipoanza tu, alitupa bunduki akakimbia. Nilimwita arudi. Hakusikia."

Limi, aliyekaa ukutani, alijiziba mdomo kwa khanga. Masalu alitaka kusimama. Alisahau kabisa kwamba hana miguu, akaporomoka kifudifudi kwenye sakafu, karani akamkimbilia lakini amechelewa.

"Boaz! Sema kweli, Boaz!"

"Nimeapa, ndugu yangu," Boaz alijibu kwa upole.

Haikuchukua dakika kumi. Mwenyekiti alisoma uamuzi bila kuinua macho: rufaa imetupwa, sababu ni zile zile za mwanzo, na hakuna mahali pengine pa kukata rufaa. Muhuri ukagongwa mara mbili.

Nje, Limi alikwenda barabarani kutafuta bajaji. Masalu alibaki peke yake kivulini mwa jengo, mdomo umevimba kwa ule mwanguko, kiatu kimoja kimemvuka. Boaz alitoka, akatazama kushoto na kulia, kisha akachuchumaa mbele yake. Akauinua ule mguu usio na uhai, akauvisha kiatu taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto wake.

"Nilikuwa nimetazama mbele," Masalu alisema. "Unajua nilikuwa nimetazama mbele."

"Najua," Boaz alisema, akimfunga kamba za kiatu. "Lakini ningewaambia hivyo, wangeniuliza nani alikuwa nyuma yako."