Programu ya Thabiti

Mkuu wa chuo hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, akanyoosha mkono, akasema amekuja kuchukua flopi ya mtihani.

Mwalimu Helena alikuwa nayo mfukoni na hakuitoa. Alimkumbusha kwamba mtihani ni Jumatatu na leo ni Ijumaa. Mkuu akajibu kwamba ndiyo maana amekuja leo. Mitihani ya chuo chake inalala kabatini kwake, na ufunguo anao yeye.

Mwaka juzi, tisini na saba, mtihani ulilala kabatini humo humo. Aliyeongoza akawa Fredi, mtoto wa dada yake Mkuu, kijana ambaye flopi alikuwa anaiingiza kichwa chini miguu juu. Chuo kilikuwa na nafasi moja tu ya kupeleka mtu kwenye chumba cha kompyuta bandarini, na Fredi akaichukua. Thabiti, aliyekuwa wa pili, akarudi kubeba magunia ya korosho bandari hiyo hiyo, akimwona Fredi dirishani akipigwa na feni. Shangani nzima, mtaa wa chuo, ilijua na Shangani nzima ikanyamaza. Helena peke yake alimfuata Mkuu ofisini, akamwambia usoni kwamba huo ni wizi. Aliambiwa kama amechoka kufundisha, mabasi ya kurudi kwao Iringa yapo.

Tangu siku hiyo hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Thabiti alikuwa amejiandikisha tena, na chuo hakikuruhusu mtu kurudia zaidi ya mara moja. Akikosa Jumatatu, basi, ni magunia mpaka mgongo ukatae. Na darasani safari hii alikuwamo Isaya, mdogo wake Fredi.

Mkuu alisema hatoki na flopi asiyoijua. Alitaka kuona kwa macho yake kwamba mtihani umo, maana mwanamke anayemchukia hashindwi kumpa flopi tupu.

Helena akamwambia programu ya kuandikia barua imegoma tangu umeme ulipokatika asubuhi. Iliyobaki ni ile ya Thabiti, zoezi alilowapa wiki ile: unaandika jina la programu, unaacha nafasi, unaandika jina la faili, nayo inalifungua na kulionyesha kwenye kioo. Ya Thabiti ndiyo iliyotangulia kukamilika. Jana ilisoma kila faili ililopewa.

Thabiti alikuwa amekaa hapo hapo mbele ya mashine. Wenzake walikuwa nje wanakunywa chai. Mkuu alipomsogelea alinyanyuka haraka, akaenda kusimama dirishani, akaficha mikono mifukoni.

Helena alitoa flopi, akasukuma kwa ukucha kile kidude cha plastiki cha pembeni kinachoruhusu flopi iandikwe, akaitumbukiza kwenye mashine.

"Jambo lenyewe ni siri," alisema. "Andika wewe mwenyewe, Mkuu."

Mkuu akapendezwa, akakaa. Kwa kidole kimoja akaandika alivyoelekezwa: soma, nafasi, mtihani.txt. Akabonyeza enta.

Taa ya flopi iliwaka, ikazima. Kioo hakikuonyesha kitu.

"Mtihani uko wapi?" aliuliza Mkuu.

Helena aliinama, akatazama ukubwa wa faili. Sifuri. Akafungua programu, akaisoma mstari kwa mstari, na alipofika kwenye mstari wa kufungulia faili akapasuka.

"Umelifungua kwa kuandika, Thabiti, badala ya kusoma. Faili likifunguliwa kwa kuandika linafutwa lote kwanza. Nimekufundisha mara ngapi?"

Alimwita mzembe, akamwita mbumbumbu, akamuuliza kichwa kile amekibebea nini. Sauti ilifika barabarani. Wanywaji chai wakajaa dirishani na vikombe vyao, Isaya akiwa mbele. Machozi yalimtoka Helena, na yalikuwa machozi ya kweli, hasira ya miaka miwili iliyokosa pa kwenda. Thabiti alitazama sakafu.

Mkuu akataka nakala. Helena akamgeukia, akamwambia, wote wakisikia, kwamba nakala hakuna. Mkuu mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku nakala, ili mtihani usivuje. Na enta ameibonyeza mwenyewe.

Mkuu akakitazama kidole chake. Halafu naye akawa mbogo, akasema huyu mbeba magunia hafanyi mtihani katika chuo chake.

"Huyu aje," alisema Helena. "Nataka nimfelishe kwa mkono wangu, mbele ya wote."

Kuhusu mtihani alisema atautunga upya Jumatatu asubuhi, ubaoni, wanafunzi wakiwa wamekaa, wauone na kuujibu papo hapo. Flopi hataki tena kuisikia. Mkuu aliangalia nyuso zile dirishani, akasema haya. Mlango aliubamiza mpaka chokaa ikadondoka.

Helena aliwafukuza waliobaki warudi kwenye chai yao. Akafunga dirisha, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

Thabiti akauliza, taratibu, Jumatatu watapewa maswali gani.

"Hata mimi sijui," alisema Helena. "Utayaona ubaoni, pamoja na Isaya. Ukifeli, umefeli."

Akamvutia kiti.

"Sasa kaa, urudishe programu yako ilivyokuwa jana, kabla sijakuomba uiharibu."